Dipositi ya nyumba: mbona kuingia ni rahisi, kutoka ni vita?

Kila mwisho wa mwezi katika miji yetu ya Pwani, kuanzia Likoni hadi Mtwapa, utaona mikokoteni na malori madogo yamebeba makochi, magodoro, mitungi ya gesi na ndoo. Watu wanahama. Mmoja amepata nyumba karibu na shule ya watoto, mwengine kodi imemshinda, mwengine landilodi ameamua kugeuza nyumba yake iwe ya wageni wa siku mbili tatu. Sababu ni nyingi, lakini swali linalowangoja getini ni moja tu: dipositi yangu iko wapi?

Nimeandika kuhusu mambo ya makazi kwa muda sasa, na hakuna jambo linaloniletea simu na jumbe kama hili. Juzi nilizungumza na mama mmoja aliyehama Bamburi baada ya kukaa nyumba moja kwa miaka minne. Kodi ilikuwa shilingi 18,000, naye alipoingia aliitishwa dipositi ya miezi miwili. Maana yake shilingi 36,000 zake zilikaa mikononi mwa mtu mwengine kwa miaka minne. Alipotoa notisi, keyateka alimletea karatasi iliyoandikwa kwa kalamu: rangi nyumba nzima, 22,000, usafi, 5,000, sinki, 4,000, maji na stima, 3,000, kitasa cha mlango wa jikoni, 2,500. Jumla, 36,500. Kwa hesabu hiyo, mama huyu ndiye anayedaiwa shilingi 500.

Hiyo ni hesabu iliyoanzia kwenye jibu. Mtu ameshaamua kwamba pesa hazirudi, kisha akatafuta vitu vya kuandika mpaka zikaisha, na kwa bahati mbaya akapitiliza kidogo. Nimeona karatasi nyingi za aina hii, na karibu zote zina mstari wa rangi, na karibu kila mara mstari wa rangi ndio mrefu kuliko yote.

Kwanza tukubaliane dipositi ni nini, kwa sababu hapa Pwani tunaichanganya na kilemba. Kilemba ni pesa unayotoa ili upewe nafasi, hasa kwenye maduka ya mjini, na aliyetoa kilemba hatarajii kurudishiwa na landilodi. Dipositi si hivyo. Dipositi ni amana. Inabaki kuwa mali ya mpangaji, imewekwa kwa mwenye nyumba ili ikitokea uharibifu au deni, kuwe na cha kukata. Asipoharibu na asipodaiwa, hakuna cha kukata. Wenye nyumba wengi, na hata wapangaji wengi, wanaiona kama kilemba kilichobadilishwa jina. Ukishailipa, umeizika.

Turudi kwenye rangi, maana hapa Pwani rangi ina kesi yake ya pekee. Mtu yeyote aliyekaa Mombasa anajua ukuta unavyofanya. Upepo wa bahari una chumvi, nyumba nyingi zimejengwa kwa matofali ya matumbawe yanayonyonya unyevu kutoka chini, na maji ya visima ambayo wengi tunategemea yana chumvi vilevile. Mwaka wa pili rangi inaanza kuvimba kama ngozi iliyoungua, mwaka wa tatu inapukutika, ukipita karibu unatoka na unga mweupe kwenye bega. Mabomba yanashika kutu, vitasa vinakwama, bawaba za milango zinalia. Hakuna mpangaji aliyefanya hayo. Ungeifunga nyumba ile ile miaka minne bila mtu ndani, ungeikuta katika hali hiyo hiyo, pengine mbaya zaidi kwa kukosa hewa.

Je, sheria inasema nini? Watu wengi huniambia kwamba Kenya haina sheria ya mambo haya. Si kweli kabisa, ingawa ninaelewa kwa nini wanafikiri hivyo. Sheria ambayo wazee wetu waliitegemea, ile ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, imekuwapo tangu mwaka 1959 na ina baraza lake maalum la kuamua kesi za wapangaji na wenye nyumba. Tatizo ni kwamba inagusa nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nionyeshe nyumba ya kodi hiyo Mombasa leo. Kuna vyumba vichache vya nyumba za Kiswahili Majengo au Kisauni ndani huko, choo cha pamoja na maji ya kununua, na hata hivyo vinapungua kila mwaka. Sura ya 301 nayo ni ya maduka, hoteli na mikahawa. Kwa hivyo mfanyakazi wa bandarini anayekaa Mikindani, mwalimu wa Tudor, kijana wa bedsita Bombolulu, wote wako nje ya sheria hizi mbili. Mswada wa kuziunganisha, pamoja na ile ya kukamata mali kwa ajili ya kodi, ulichapishwa mwaka 2021. Mpaka leo tunaendelea na hizi za zamani.

Lakini iko Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, ambayo watu huidhani ni ya mashamba na hati miliki pekee. Sheria hiyo inatambua upangaji wa muda mfupi, hata ule wa kukubaliana kwa mdomo tu. Inasema mpangaji anapaswa kurudisha nyumba katika hali aliyoikuta, isipokuwa uchakavu wa kawaida. Hayo maneno matatu ya mwisho ndiyo ngao ya mpangaji. Chumvi ya bahari ikila rangi, huo ni uchakavu wa kawaida. Mtoto akichora ukuta kwa kalamu ya wino kutoka sebuleni hadi chumbani, huo sio. Ukutoboa matundu kumi na mawili ya kutundikia televisheni ukaondoka bila kuyaziba, usimlaumu chumvi. Sheria hiyo hiyo inamwachia mwenye nyumba, pale anapokodisha sehemu tu ya jengo, jukumu la paa, kuta kuu, mabomba makuu ya maji taka na sehemu zinazotumiwa na wote. Kwa hivyo ukikuta kwenye karatasi ya keyateka mstari wa "kuvuta choo", gari la kunyonya shimo linalotumiwa na nyumba nane, uliza ni kwa nini mzigo wote uandikwe kwa anayehama.

Sheria hiyo haikuandika neno lolote kuhusu dipositi iwe ya miezi mingapi, ihifadhiwe wapi, wala irudishwe baada ya siku ngapi. Hapo ndipo pengo lenyewe lilipo, na ndipo pesa za watu zinapotumbukia.

Sasa niwape wenye nyumba haki yao, maana nao nimewasikiliza. Mzee mmoja wa Kisauni mwenye vyumba sita aliniambia kwamba mpangaji wake wa mwisho alihama usiku wa manane, akiacha deni la miezi miwili, mlango uliovunjwa na choo kilichozibwa kwa nguo. Dipositi ya mwezi mmoja ilimsaidia nini? Mzee huyo si tajiri. Vyumba hivyo ndivyo pensheni yake. Na kama ilivyo kwa wengi wa huko, nyumba ni yake lakini ardhi si yake. Yeye mwenyewe hulipa kodi ya ardhi kwa mtu anayedai kuimiliki. Mtu kama huyu tukimwita bepari anayenyonya wapangaji tutakuwa tumekosa adabu.

Lakini mzee huyo huyo aliniambia jambo lililonifungua macho kuliko sheria zote. Nilimuuliza dipositi za wapangaji wake huziweka wapi. Akacheka. "Mwanangu, ile ilishakuwa mabati." Aliezeka upya mwaka ule, akatumia dipositi. Mpangaji akihama, humwambia asubiri mpaka apatikane mwengine, kisha dipositi ya anayeingia ndiyo inayomlipa anayetoka. Chumba kikikaa kitupu miezi mitatu, anayetoka naye anangoja miezi mitatu, huku alikohamia ameshalipa dipositi nyengine ya kukopa.

Hili ndilo jambo ambalo mijadala yetu hulikwepa. Tunazungumza kana kwamba landilodi ana pesa kwenye kabati na anakataa kuzitoa kwa roho mbaya tu. Wako wa namna hiyo, na nimekutana nao. Ila wengi hawana. Ziliingia, zikalipa karo, zikanunua pampu ya kisima, zikaenda matangani. Basi siku ya kuhama ikifika, kukiri "sina" ni aibu kwa mtu mzima mwenye nyumba. Kusema "umeniharibia rangi" ni rahisi zaidi. Kwa maoni yangu, nusu ya mistari ya karatasi zile imezaliwa na aibu hii.

Na wapangaji nao wamejifunza. Siku hizi mtu akijua atahama Disemba, Novemba anaacha kulipa. Anamwambia keyateka, "Mwezi huu ukate kwenye dipositi." Ninaelewa hesabu yake: bora nijirudishie mwenyewe kuliko kuomba. Lakini ujue unachokifanya. Usipolipa kodi, kisheria unadaiwa kodi, na iko sheria ya zamani, Sura ya 293, inayompa mwenye nyumba uwezo wa kumtuma dalali akamate vyombo vyako kwa ajili ya kodi hiyo. Nimeona friji na kochi zikipakiwa kwenye pikapu kwa deni la mwezi mmoja ambalo mpangaji aliamini limeshalipwa na dipositi. Kama mnakubaliana mwezi wa mwisho ukatwe, basi mwenye nyumba akuandikie hivyo, hata kwa ujumbe wa simu. Neno la keyateka si neno la mwenye nyumba.

Matokeo ya mchezo huu yanaonekana. Wenye nyumba wakaona dipositi ya mwezi mmoja inaliwa na mwezi wa mwisho, wakapandisha hadi miezi miwili. Wengine wameongeza "dipositi ya maji" na "dipositi ya stima" juu yake, hata pale ambapo stima ni ya tokeni na mtu hawezi kuacha deni la umeme ambao hajaununua. Kijana anayeanza maisha, kodi ya 8,000, anahitaji 24,000 na zaidi kabla hajageuza ufunguo. Anakopa kwenye simu. Kwa hivyo asiye mwaminifu wa jana amempandishia gharama mwaminifu wa leo, pande zote mbili.

Maajenti wanastahili makala yao wenyewe. Sheria ya maajenti wa nyumba, Sura ya 533, inataka ajenti awe amesajiliwa na bodi. Wangapi kati ya wale wanaobandika namba za simu kwenye nguzo za stima Nyali na Kongowea wamesajiliwa? Shida kubwa hutokea mwenye nyumba anapobadilisha ajenti. Mpangaji alimpa dipositi ajenti wa kwanza. Wa pili anasema hakukabidhiwa chochote. Mwenye nyumba yuko ng'ambo na hapokei simu. Msimamo wangu ni kwamba ajenti alipokea kwa niaba ya mwenye nyumba, kwa hivyo mwenye nyumba ndiye wa kujibu, kisha wao wawili wakatafutane. Mpangaji hakumchagua ajenti. Lakini ili useme hivyo kwa nguvu lazima uwe na ushahidi kwamba uliyemlipa alikuwa ajenti wa nyumba ile, si mtu aliyekuwa na ufunguo tu.

Basi mtu aende wapi? Kwanza kabla ya yote, andika barua ya madai, taja kiasi na tarehe ya mwisho ya kujibiwa. Wengi huanzia kwa chifu au mzee wa mtaa, na sioni ubaya. Katiba ya 2010 inahimiza upatanisho, na landilodi anayemkwepa mpangaji mara nyingi humwonea haya mzee wa mtaa. Hata hivyo chifu hana uwezo wa kumlazimisha mtu alipe. Ukishaona mikutano mitatu imeisha kwa "tutaongea", toka hapo.

Nenda kwenye Mahakama ya Madai Madogo. Ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, ikaanza kazi Nairobi mwaka 2021, na sasa Mombasa pia ipo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu ilipowasilishwa. Huhitaji wakili, unaweza kujieleza mwenyewe, kwa Kiswahili chako. Miongoni mwa kesi zinazotajwa wazi katika sheria hiyo ni zile za pesa zilizopokewa na kushikiliwa na mtu. Ukiniuliza mimi, dipositi haiwezi kuelezwa vizuri zaidi ya hapo. Kitu cha kuangalia ni kwamba mahakama hii hairuhusiwi kuamua mgogoro wa kumiliki au kukalia ardhi. Kwa hivyo hama kwanza, kabidhi funguo mbele ya shahidi, kisha dai pesa na pesa tu. Usichanganye na malalamiko ya kwamba ulifukuzwa au ulifungiwa maji.

Wala usidhani umechelewa kwa sababu ulihama mwaka jana. Madai ya mkataba yana miaka 6. Wapo waliosamehe elfu thelathini kwa kuamini kwamba muda umepita, na haukuwa umepita hata nusu.

Ushahidi ndio utakaoamua. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga, na hakuna mahali msemo huu umetimia kama kwenye ploti zetu. Bahati nzuri siku hizi wengi hulipa kwa M-Pesa, na taarifa ya miamala inaonyesha siku, kiasi na jina la aliyepokea. Waliolipa pesa taslimu bila risiti wana kazi zaidi, ingawa hawajashindwa. Mahakama hii haifungwi kikamilifu na kanuni za ushahidi, na jumbe za WhatsApp za mwenye nyumba akisema "dipositi nitakupa mwezi ujao" zimeshakiri kila kitu. Siku ya kuingia, pita na simu chumba kwa chumba, rekodi video ya kuta, sinki, vitasa, mita, kisha mtumie mwenye nyumba au ajenti siku hiyo hiyo. Ikishakuwa kwenye simu yake, hawezi kusema hakuiona. Siku ya kutoka fanya vivyo hivyo. Hii kazi ni ya dakika kumi, na sijui kwa nini tunarekodi harusi saa nane lakini si nyumba tunayoiwekea 36,000.

Na risiti? Hapa kuna siri iliyo wazi. Wenye nyumba wengi hawatoi risiti kwa sababu ya ushuru. Anayepata zaidi ya shilingi 288,000 kwa mwaka kutokana na kodi za nyumba, hadi milioni 15, anatakiwa kulipa KRA asilimia 7.5 ya mapato hayo kila mwezi. Kabla ya Januari 2024 ilikuwa asilimia 10. Vyumba sita vya shilingi 4,000 vinakufikisha hapo mpakani. Sisemi mpangaji atumie hilo kama kitisho, maana ukishaanza kutishana mambo huharibika, na huenda wewe ndiye utakayetafutiwa sababu. Lakini mwenye nyumba anayejua kwamba mahakamani ataulizwa daftari lake ana sababu nzuri ya kukaa chini na kuzungumza mapema.

Jamaa zetu walioko Uingereza hushangaa tukiwasimulia haya. Huko, tangu mwaka 2007, England na Wales, mwenye nyumba haruhusiwi kukaa na dipositi ya mpangaji hivi hivi; lazima iingizwe kwenye mpango ulioidhinishwa na serikali, na sasa ni ndani ya siku 30, la sivyo anaweza kuamriwa amlipe mpangaji hadi mara tatu ya pesa hizo. Sidhani tunaweza kuiga kesho asubuhi. Mzee wa vyumba sita Kisauni hatafungua akaunti ya amana kwa ajili ya shilingi 4,000. Kwa majengo makubwa ya Nyali, yenye nyumba arobaini na kampuni ya kuyasimamia, sioni kisingizio chochote. Hapo dipositi za wapangaji ni mamilioni, na mtu mwengine anazifanyia biashara bila riba.

Kwa wadogo, ningependa kaunti ianze na jambo dogo. Katiba imeziachia kaunti mipango na maendeleo, yakiwemo makazi. Bunge la Kaunti ya Mombasa, na la Kilifi kwa upande wa Mtwapa, linaweza kutengeneza fomu moja ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, ipatikane bure kwa chifu na kwenye ofisi za wadi: hali ya nyumba siku ya kuingia, kiasi cha dipositi, nani amepokea, itarudishwa ndani ya siku ngapi, na nini kinaweza kukatwa. Haitamlazimisha mtu yeyote, lakini ikishazoeleka, anayeikataa itabidi aeleze sababu. Na mstari wa rangi uandikwe wazi, baada ya miaka mingapi rangi inahesabiwa kuwa imeisha yenyewe. Mafundi wa rangi wa Kongowea wanaweza kuulizwa; wao wanajua chumvi inakula ukuta kwa kasi gani kuliko wakili yeyote.